Mtoto Umemwachia Nani?



Kuna swali moja ambalo kila mama mwenye mtoto mdogo amewahi kuulizwa, na halina jibu linaloridhisha watu. Ukionekana uwanjani unacheza netiboli, ukionekana barazani kwa jirani na kofia mkononi, ukionekana umekwenda darsa ya Alhamisi peke yako, mtu atakutazama, atakusalimia vizuri, atakuuliza hali za nyumbani, kisha ataliangusha: "Na mtoto umemwachia nani?" Halina tusi ndani yake. Mara nyingine linatoka kwa mtu anayekupenda kweli. Lakini wewe unayeulizwa unaelewa vizuri lilivyokusudiwa.

Sasa twende Ruangwa. Mji huu wa mkoa wa Lindi una timu yake, Namungo, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 ikafika mpaka hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Siku Namungo inapocheza nyumbani, Uwanja wa Majaliwa unajaa wanaume, na wengi wao ni baba wa watoto ambao hata kutambaa hawajaanza. Hatujasikia hata mmoja akisimamishwa mlangoni akaulizwa mtoto kamwachia nani. Hatuwaonei gere. Mpira ni starehe ya halali, na mtu aliyefanya kazi wiki nzima ana haki ya kupiga kelele dakika tisini. Tunachosema ni kwamba swali hilo haulizwi kwa sababu jibu lake linajulikana na kila mtu: kamwachia mkewe.

Mtatuuliza, sisi wa visiwani Ruangwa na Nachingwea zinatuhusu nini? Zinatuhusu kwa sababu wari wetu wanakwenda huko. Mume ni mwalimu, au mganga wa hospitali, au askari, au mfanyabiashara anayenunua ufuta na korosho, au amepata kazi kwenye migodi. Nikah inafungwa Unguja au Pemba, watu wanakula pilau, picha zinapigwa, na baada ya wiki mbili biharusi yuko kwenye basi la kusini, amevuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, anaitazama mikorosho inavyopita dirishani. Mwaka unaofuata ana mtoto. Na huko ndiko tunakopokea ujumbe wenye maneno yanayofanana kila mara: nilikuwa nashona, nilikuwa nachora hina, nilikuwa nasuka, nilikuwa nasoma riwaya, sasa sifanyi chochote. Wote wanaandika "nilikuwa", na walioandika hivyo wana miaka ishirini na mitatu, ishirini na mitano.

Ushauri wanaopewa ni mmoja: jipangie muda. Amka saa kumi alfajiri, swali, fanya kazi zako, mtoto akilala mchana shika sindano nusu saa, usiku baada ya Isha nusu saa nyingine. Ratiba hizi zimejaa mitandaoni, zina rangi nzuri na vijisanduku vya kuweka tiki. Sisi tunapoziona tunakumbuka mpango wa karanga. Wazee wa Nachingwea wanaujua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza kulima karanga Tanganyika kwa maelfu ya ekari, Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa hesabu zilizopangwa London kwenye makaratasi. Bandari ikajengwa Mtwara, reli ikajengwa kwenda Nachingwea. Ardhi na mvua hazikuyasoma makaratasi hayo. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na reli yenyewe ikafungwa mwaka 1962. Ratiba ya mtu asiyemjua mtoto wako ni karanga za namna hiyo. Mtoto anaota meno, usingizi wa mchana unakatika baada ya dakika kumi na mbili, na mama anabaki na kosa jipya la kujilaumu, kwamba hata nusu saa imemshinda.

Maoni yetu ni haya. Hobi ya mama mwenye mtoto mdogo haifi kwa kukosa muda. Inakufa kwa kukosa mikono. Hata saa mbili tupu za alasiri hazikusaidii kitu ikiwa mtoto yuko mapajani na hakuna mwengine wa kumpokea. Na mikono si jambo la kupangwa na mama peke yake saa kumi alfajiri. Ni jambo la nyumba nzima.

Watazameni wenyeji wa huko wenyewe. Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde, kwa asili yao, wanahesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ana sauti yake juu ya watoto wa dada yake, na desturi ya zamani ilikuwa mume ndiye anayehamia kwa kina mke. Mengi yamebadilika, na Uislamu una utaratibu wake wa mirathi na nasaba, hatuingii huko. Lakini tazama faida yake kwa mama aliyejifungua: mama yake mzazi yuko nyumba ya pili, dada yake yuko uani, mtoto anapita mgongoni kwa huyu, anapita mapajani kwa yule, na mwenye mtoto anapata kwenda kuoga bila kukimbia. Mwanamke huyo akitaka kusuka mkeka wake anasuka. Anaulizwa vilevile mtoto yuko kwa nani, ila yeye anajibu kwa kunyoosha kidole tu.

Tusiwapambe kupita kiasi, maana na wao wana msimu wao wa kukosa pumzi. Ufuta ukikomaa, kuanzia mwezi wa tano hivi, unakatwa, unafungwa, unasimamishwa ukauke, unapigwa, unapepetwa, na ukichelewa unapasuka na kumwaga mbegu zote chini. Mikorosho nayo inapuliziwa salfa miezi ya kiangazi, na kuanzia mwezi wa tisa au wa kumi korosho zinaokotwa moja moja, mgongo umeinama, mtoto yuko kivulini kwenye kanga. Halafu kuna kungoja mnada wa chama kikuu cha ushirika, RUNALI, kinachohudumia Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Miezi hiyo hakuna anayezungumza habari ya hobi, na bibi mwenyewe yuko shambani. Mama wa huko anajua kwamba mambo ya moyo wake yana msimu. Mkeka unawekwa juu ya dari mwezi wa tano, unateremshwa mzigo ukishauzwa. Hilo sisi tumelipenda. Mkeka uliosubiri miezi mitatu unaendelea pale pale ulipoishia, na hakuna anayeuita umeshindikana.

Biharusi wetu hana hata kimoja katika hivyo. Hana mama nyumba ya pili, hana shamba, wala hana msimu wa kusubiri. Ana vyumba viwili vya kupanga karibu na soko la Nachingwea, mume anayerudi saa kumi na moja amechoka, na majirani ambao bado wanamwita mgeni. Visiwani alizaliwa kwenye nyumba yenye ua, shangazi huku, bibi huku, watoto wanalelewa kama kuku wa kienyeji, wanaonekana jioni. Hakuwahi kujua kwamba ule ua ulikuwa ni mikono. Aliudhani ni kelele.

Mwenzetu mmoja wa Pemba, aliyeolewa Nachingwea, alikuwa fundi wa kofia za mkono, zile zinazotobolewa matundu kwa sindano na kuzungushiwa uzi tundu moja moja. Kofia nzuri inakula miezi. Aliondoka na moja iliyofika nusu. Mtoto wa kwanza alipofikisha mwaka, kofia ilikuwa pale pale, na yeye alikuwa ameanza kulia bila sababu anayoijua. Mume wake ni mtu mwema, anaswali, hana mkono mzito. Alimuuliza umekosa nini, nikununulie? Hakujua amjibu vipi, kwa sababu alichokikosa hakiuzwi dukani. Tunamtaja si kwa sababu kisa chake ni kikubwa. Tunamtaja kwa sababu ni kidogo, na visa vidogo kama hivi ndivyo vinavyoamua mwanamke atakuwa mama wa namna gani ifikapo miaka mitano.

Wapo watakaosema: mama wa Kiislamu anajitoa kwa ajili ya watoto, hobi ni mambo ya wasio na kazi. Tuwajibu kwa nyumba ya Mtume s.a.w. mwenyewe. Bibi Aisha r.a. amesimulia siku Wahabeshi walipokuwa wakicheza na mikuki msikitini. Alitaka kuwaona, na Mtume s.a.w. akasimama akimsitiri kwa shuka yake huku yeye akitazama, na hakuondoka mpaka Bibi Aisha akachoka mwenyewe. Tunaomba wanaume waisome habari hii taratibu. Hakumpa dakika tano wala hakumwambia mbona hatumalizi. Kiasi cha starehe ya mke kilipimwa na mke. Na ni Bibi Aisha huyo huyo aliyeshindana naye mbio, na ndiye aliyeulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika hutoka kwenda kuswali.

Upande wa mtoto nao una mizani yake. Mtume s.a.w. alikuwa akisalisha, akasikia kilio cha mtoto mchanga, akafupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Ikiwa swala ya jamaa ilifupishwa kwa kilio, kofia ni nani isiwekwe chini? Mtoto akilia, sindano inaingia kwenye kopo. Lakini tazama pia kwamba swala ilifupishwa. Haikufutwa, na yule mama hakuambiwa siku nyingine abaki nyumbani. Na Mtume huyo huyo aliswali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu anamweka chini, akisimama anamnyanyua. Kisha Suratul Baqara, pale panapotajwa kunyonyesha miaka miwili kamili, panakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mtoto wake, na baba vilevile. Sisi tunaamini mama aliyezimika moyo ndani ya nyumba yenye chakula na nguo amedhurika, hata kama hakuna aliyekusudia.

Mipaka ipo na kila mmoja wetu anaijua: swala kwa wakati wake, stara, haki ya mtoto, na ridhaa ya nyumba. Hobi yenye haramu ndani yake haitahalalishwa na uchovu wa kulea. Tunasonga mbele.

Kuna jambo la vitendo ambalo halisemwi sana, nalo ni kwamba si kila hobi inakaa na kila umri. Mtoto wa miezi mitatu anayelala kwenye susu hana tatizo na mama anayesuka ukili. Milala ni laini na kazi inakatika popote. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu ni habari nyengine kabisa. Yeye anaokota. Sindano ya kofia, shanga ya kupambia nguo, kifungo, vyote kwake ni vya kutia mdomoni, na shanga moja inatosha kuziba njia ya pumzi. Umri huo weka shanga mbali na urudi kwenye ukili, au kwenye kitabu, au kwenye bustani ya mchicha ambako na yeye atapata udongo wake. Wachoraji wa hina tunawaomba zaidi. Hina safi ya majani si tatizo kubwa, lakini piko nyeusi nyingi zimechanganywa na dawa ya kutia rangi nywele, na dawa hiyo inaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima, sembuse ya mtoto aliyejipaka usoni. Kazi ya piko haifanywi mtoto akiwa mapajani, hata kama biharusi anasubiri na gari liko nje.

Na simu. Tunajua. Mtoto anapewa simu, katuni zinaimba, mama anapata dakika arobaini za utulivu na mshono unakwenda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku. Hatuandiki haya ili kuwaongezea lawama. Tunaandika kwa sababu simu imegeuka kuwa mikono ya nyumba zisizo na mikono, na ikishaizoea kazi hiyo haifukuziki.

Mikono mengine tunayoikimbilia ni ya mtoto wa mtu. Hapa tutasema wazi, hata wakikasirika watu. Msichana wa miaka kumi na moja analetwa kutoka kijijini "aje akae na mtoto". Analipwa nguo za Idi na ahadi. Analala wa mwisho, anaamka wa kwanza, shule ameacha, madrasa hakumbuki alifika juzuu gani. Kisha mama wa nyumba anapata nafasi ya kushona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, tena kwa kazi nyepesi tu isiyomnyima shule. Lakini hata bila sheria, muulize moyo wako: starehe yako inasimama juu ya utoto wa nani? Ndivyo ilivyo pia kwa binti yako mkubwa wa miaka tisa anayekosa chuo kila Jumamosi kwa sababu kambeba mdogo wake. Anayeweza kumlipa dada mtu mzima, amlipe mshahara unaoeleweka na ampe siku ya kupumzika, hilo halina neno. Asiyeweza, asitafute mikono midogo kwa kuwa ni rahisi.

Mikono iliyo karibu zaidi, na iliyosahauliwa zaidi, ni ya baba. Wanawake wengine tunasaidia kuisahaulisha. Mume akimshika mtoto dakika mbili tunampokonya: humshiki vizuri, shingo hiyo, unamtoa usingizini. Akimfunga nepi imekaa upande tunacheka na kumsimulia shoga. Baada ya mwezi mwanamume ameshaelewa kuwa mtoto si kazi yake, anakwenda zake kahawani. Sheria ya ajira ya Bara nayo haikumtegemea sana. Mama anapewa likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba ana siku tatu. Siku tatu zinatosha kutafuta supu na kuhudhuria aqiqa kama imewahishwa. Lakini sheria haikumzuia kumbeba mwanawe Jumapili alasiri. Mtoto wa miezi minane aliyeshiba anaweza kukaa na baba yake kuanzia baada ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi bila dunia kuanguka. Atalia kidogo. Baba atatafuta dawa yake, wataelewana.

Sasa tunakuja kwa wari wetu ambao bado hawajaondoka. Siku za kufundwa unaambiwa mengi: udi, vipodozi, mapishi, jinsi ya kumpokea mume, jinsi ya kunyamaza. Somo wako anajua kazi yake na tunamheshimu. Lakini muulize: nikizaa, na niko mbali na mama yangu, nani atamshika mtoto saa mbili kwa wiki? Tunaona hili lisemwe kabla ya nikah, tena mapema, wakati posa inajibiwa na mambo ya mahari na makazi yanazungumzwa. Mtume s.a.w. ametufundisha kwamba masharti yenye haki zaidi ya kutekelezwa ni yale yaliyohalalisha ndoa. Wari wengi wanaweka sharti la kumaliza chuo kikuu, na hakuna anayeshangaa. Kusema "mimi nashona kofia, na tukipata mtoto naomba alasiri mbili kwa wiki ziwe zangu" ni neno dogo kuliko hilo. Mchumba mwema atacheka, atakubali. Asiyeweza kukupa alasiri mbili kwa maneno, wakati bado anakutafuta, nawe umejua jambo ambalo ni bora kulijua mapema. Msemee kwa adabu, au mwambie walii wako amsemee, lakini lisemwe.

Ukishafika huko, tafuta jirani kabla ya kutafuta pazia. Mwenzetu wa Nachingwea alipona kwa njia hiyo. Jirani yake, mama wa Kimwera mwenye watoto wawili, alikuwa anataka kujifunza mshono wa kofia. Wakapeana siku: Jumanne watoto wote wanne wako kwa huyu, Ijumaa baada ya swala wako kwa yule. Msimu wa ufuta jirani anakwenda shambani, utaratibu unasimama, na hakuna anayemlaumu mwenzake. Ile kofia ilimalizika mwezi wa nane. Ina kasoro upande mmoja, mahali mtoto alipouvuta uzi, na mume anaivaa hivyo hivyo kwenda Ijumaa.

Akaanza kuambiwa auze. Hili ni la mwisho, na linatuudhi kidogo. Siku hizi mwanamke hawezi kushika kitu kizuri bila kuambiwa akifanye biashara. Umepika mkate wa mayai ukaumuka, uza. Umechora ua mkononi mwa mdogo wako, fungua ukurasa. Tunaheshimu kazi ya mkono, na mapato ya mwanamke ni mali yake mwenyewe kisheria ya dini, mume hana fungu ndani yake ila kwa ridhaa. Bibi Zaynab bint Jahsh r.a., mke wa Mtume, alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake na kutoa sadaka, na kwa ajili hiyo akasifiwa kuwa na mkono mrefu kuliko wenzake. Ukihitaji pesa, fanya biashara, na uiite biashara: weka bei, hesabu saa zako, tafuta mlezi wa kulipwa, kama mfanyakazi yeyote. Lakini ukishachukua oda kumi za kofia za Idi, umepata kazi na umepoteza hobi. Mtoto akiugua usiku wa ishirini na saba hutaweza kuweka sindano chini kwa sababu mteja ameshatoa arbuni. Mama wa mtoto mdogo anahitaji angalau kitu kimoja ambacho akikiacha wiki tatu hakuna anayempigia simu.

Mwenzetu alikataa kuuza. Sasa anashona ya pili, ya mwanawe, atakayoivaa akitimiza miaka saba. Ana miaka mitano mbele yake na hana haraka.

Basi biharusi unayefungasha mizigo wiki hii kwa safari ya kusini, masufuria usijitese nayo, yanapatikana Nachingwea na Ruangwa kwa bei ya kawaida. Nafasi hiyo tia nyuzi zako, zile nyembamba za rangi uliyoizoea, nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Milala uliyokwisha kuitia rangi izungushe duara na uifunge kwenye kanga kuukuu ili isivunjike njiani. Sindano tia kwenye kopo lenye kifuniko cha kubana, maana InshaAllah hutakuwa peke yako kwa muda mrefu.